Barua Aliyoiacha Wazi Moosa

Jina langu ni Candide. Nalisema mapema, kabla sijalisahau.

Mtaa wote wa Jabe, ninakofanyia kazi, wananiita Mama Nella, fundi wa kompyuta. Mwaka 2002 mafundi tulikuwa wachache Bujumbura, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Wanaume walinicheka: "Mama, hiyo siyo sufuria!" Haya. Mashine walizoshindwa walizileta kwangu zikiwa zimefunikwa kitambaa, wasionekane.

Ijumaa moja, saa kumi jioni, akaja Dalia, msichana wa Kiarabu wa mtaa wa Asiatique. Shangazi yake, Bi Sheikha, alikuwa amekaa eda. Mumewe, Moosa, alipigwa risasi barabarani miezi mitatu nyuma, wakamzika siku hiyohiyo. Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, na mwanamume wa kando haruhusiwi kuingia.

"Saa moja tu," nikamwambia. "Mi niko na mutoto nyumbani Mutakura."

Nella alikuwa na miaka saba, na jioni alibaki peke yake ndani. Vita ilitufundisha. Akisikia hodi, anauliza, "Nani?" Ukijibu "mimi," hafungui. Ukijibu "mama," hafungui, maana hata wauaji wanajua kusema mama. Anafungua akisikia "Candide," jina ambalo mtaani hakuna anayelijua. Akisikia lingine lolote, anazima taa na kuingia chini ya kitanda.

Nyumba ya Bi Sheikha ilinukia ubani. Na chini ya ubani, kitu kingine... mpira ulioungua.

Mashine ilikuwa inasaga. Krr... krr... Unabonyeza, unasubiri mpaka unachoka.

"Usiizime, mwanangu," Bi Sheikha akaninong'oneza. Alikaa mkekani, tasbihi mkononi. "Barua ile Moosa aliifungua asubuhi aliyoondoka. Ameniandikia mimi. Hakuihifadhi. Umeme ukikatika naishikilia kwa betri za gari. Miezi mitatu sijaizima."

Nikamweleza taratibu. Memwari ni meza ya kazi, diski ni kabati. Kilicho mezani tu, ukizima mashine, kimekwenda. Na kila programu iliyofunguka inachukua pembe yake ya meza. Meza ikijaa, mashine inakimbilia kabatini kila mara, ndiyo hiyo krr krr.

"Basi nipunguzie meza, barua ibaki."

Nikazifunga zile zinazojiwasha zenyewe: muziki, mchezo wa karata, takataka za kila aina. Wapi! Bado nzito. Nikaita orodha ya vinavyokula memwari. Kilibaki kimoja tu. Barua.

Barua inakulaje meza nzima?

Nikaivuta mbele ya kioo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mume na mkewe, sikuusoma sana. Kisha ukurasa wa pili. Wa tatu. Wa mia nne...

*Sheikha. Uko? Sheikha. Fungua. Sheikha. Uko?*

"Bi Sheikha, nani anaandika hapa?"

Hakuniangalia. "Mimi hata kuandika humo sijui. Na hapa nyumbani tumefundishwa: ukiitwa na usiyemwona, huitiki."

Nikajaribu kuhifadhi, mashine ikagoma: memwari haitoshi. Nilikuwa na bareti mpya ya memwari mkobani, kile kipande cha kuongeza meza, lakini bareti haiwekwi mpaka uzime. Na ukizima, maneno ya mwisho ya Moosa yamekwenda. Nikaomba kalamu, ninakili ule ukurasa wa kwanza kwa mkono.

Adhana ya magharibi ikalia. Bi Sheikha na Dalia wakaingia chumba cha ndani kuswali. Nikabaki peke yangu, nimeinama, naandika haraka. Basi la mwisho la Mutakura halimsubiri mtu.

Krr... krr...

"Candide."

Sauti ya polepole, nyuma ya bega langu.

"Karame!"

Ndivyo tulivyolelewa Burundi. Mkubwa akikuita unaitika Karame, hapohapo, mdomo hauulizi kichwa. Nilishaitika ndipo nikakumbuka: nyumba hii hakuna anayelijua jina hilo.

Kusaga kukakoma.

Kimya.

Nikatazama kioo cha mashine. Kurasa mia nne hazipo. Ukurasa mmoja tu, safi. Nikabonyeza kuhifadhi, ukaingia kabatini hapohapo. Mashine nyepesi, inaruka! Na bareti yangu bado imo mkobani. Nilipaswa kufurahi. Miaka yote ya kazi hii sijaona nafasi ikipatikana bure: kilichotoka mezani kimewekwa mahali.

Bi Sheikha akatoka chumbani, mtandio bado kichwani.

"Umemwitika nani, mwanangu?"

"Si wewe umeniita?"

"Apana. Mimi nilikuwa kwenye sijida." Akanitazama usoni muda mrefu, akaanza kulia, na akanisogelea kama anayetaka kunikumbatia. "Moosa?" akanong'ona.

Nilikimbia. Mkoba nikausahau.

Basi nililiwahi. Kichwa kilikuwa kizito. Kondakta aliniuliza nashukia wapi, nikafikiri mpaka abiria wakacheka. Tulipoteremka tu Mutakura, upande wa Gasenyi, jirani na kwetu, risasi zikaanza... pa. Pa-pa. Watu wakatawanyika, kila mmoja akikimbilia kwake. Nami nikafika kwangu, nikagonga, nahema. Mwanga wa taa ulionekana chini ya mlango. Asante Mungu, nikasema, mtoto yuko salama.

"Nani?" Nella akauliza.

Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Mlango niliujua. Mtoto nilimjua, hata gauni alilovaa asubuhi. Jina langu nililitafuta na sikulikuta. Pale lilipokaa siku zote pamejaa kitu kingine.

Pa-pa-pa. Zimekaribia.

"Nani?" Sauti yake ilianza kutetemeka.

Mungu wangu, nisaidie, ni herufi saba tu... Mdomo ukajibu wenyewe, polepole, kwa sauti nzito:

"Sheikha. Uko? Fungua."

Ndani, mwanangu akazima taa.