Wakili Aliyekwisha Kuzikwa

Mhazili ndiye aliyemkuta. Saa mbili kasoro asubuhi alifungua ofisi, akawasha birika la chai, akabisha mlango wa ndani. Kimya. Aliposukuma, akamwona wakili amelala chali zuliani, mto wa kiti chini ya kichwa, mikono imekunjwa kifuani, nywele zimechanwa. Akamsalimia. Akamsalimia tena. Ndipo akapiga ukelele uliowatoa watu hadi ghorofa ya tatu.

Inspekta alifika nusu saa baadaye. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na magoti yake yalilalamika kwenye kila ngazi. Alizunguka maiti bila kugusa kitu. Kwenye panja la kulia palikuwa na jeraha moja tu. Chini ya meza ulilala muhuri wa chuma, ule mzito wa kubana karatasi, una damu iliyoganda.

"Pigo moja," alisema daktari wa polisi. "Jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Hakupigana. Alikuwa amepiga magoti."

"Na huo mto?"

"Aliwekewa baada ya kufa. Nywele vilevile." Daktari akafunga mkoba wake haraka kuliko kawaida yake. "Aliyemuua alimlaza kama mtu anayelaza mtoto."

Inspekta akamgeukia mhazili. "Kimepotea nini?"

Mhazili akatazama huku na huku. Pesa zipo. Kompyuta ipo. Kisha akanyoosha kidole kwenye msumari mtupu nyuma ya mlango. "Joho lake. Halitoki humu ila kwenda mahakamani."

"Alilinunua wapi?"

"Alishonewa na mama yake, ni fundi cherehani. Alilipokea kwa kifurushi. Siku nyingine alikuwa akipapasa pindo lake, halafu anakaa kimya mchana kutwa."

"Mama huyo umewahi kumwona?"

"Hata sauti yake sijaisikia, afande. Wanaandikiana ujumbe tu."

Saa tano, koplo wa alama za vidole alipiga simu. Koplo huyu alikuwa mtani asiyeshiba, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa kavu.

"Afande, mtu wako amekufa."

"Hilo nalijua."

"Alikufa miaka minne iliyopita. Alama za vidole ni zake, hati ya kifo ipo, na deni lake kwenye bodi ya mikopo ya wanafunzi lilifutwa kwa sababu ya kifo. Na jina lenyewe si hilo lililoandikwa mlangoni."

Inspekta alitazama tena ule uso zuliani. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya kazi, alijikuta akirudi nyuma hatua moja.

Anwani ya mdhamini ilikuwa kwenye faili la mkopo. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali pembezoni mwa mji, ua umefagiwa ukang'aa. Ukutani sebuleni ilitundikwa picha ya kijana mrefu. Ni uso uleule wa asubuhi, ila huu ulikuwa unacheka.

"Nimekuja kuhusu mwanao, mama."

"Mwanangu ni marehemu, baba."

"Tangu lini?"

"Miaka minne sasa."

"Mama, mwanao amefariki jana jioni."

Mwanamke hakulia. Aliketi chini polepole, kama anayeshuka kwenye maji asiyojua kina chake. "Nilijua siku moja atakuja mtu," alisema.

Kisha akasimulia. Mwanawe, ambaye wenzake chuoni walimwita Ngongoti kwa urefu wake, alimaliza sheria akiwa na mkopo shingoni. Hakuweza kuapishwa uwakili bila hati ya kutodaiwa. Bila kuapishwa, hapati kazi. Bila kazi, hatalipa. Faini ikazaa faini, bodi ikamwandika mdaiwa sugu, na barua ya mwisho ikamjia yeye mama, aliyeweka nyumba hii dhamana.

"Alikuwa na rafiki, wakimwita Kamusi. Walipanga chumba kimoja. Huyo hakudaiwa hata senti, mama yake alimsomesha kwa cherehani. Akashikwa na homa, siku mbili tu, akakata roho. Karani wa mochwari akauliza jina la marehemu." Alinyoosha kidole kwenye ile picha. "Mwanangu akataja la kwake."

"Na vyeti vya Kamusi?"

"Akavichukua, akaenda kuapishwa. Vyeti ni karatasi, baba. Karatasi haina uso."

"Nawe ukakubali?"

"Jeneza liliingia hapa na jina la mwanangu, na mwanangu mwenyewe amejificha chumba cha nyuma. Nyumba ilikuwa inauzwa wiki ile. Wewe ungefanyaje?"

Inspekta alifunga daftari lake. Binti yake mwenyewe alikuwa mwaka wa pili wa sheria, na sahihi ya mdhamini kwenye mkopo wake ilikuwa ya inspekta.

Jioni alisoma simu ya marehemu. Kulikuwa na namba iliyoandikwa "Mama Fundi", na ujumbe wa miaka minne. Vipi mguu, mama? Umekunywa dawa? Nimetuma kidogo. Koo bado halijapona tangu upasuaji, siwezi kusema, tuandikiane tu. Kila usiku mwanamke alijibu vilevile: Lala salama mwanangu. Inspekta aliusoma tena tangu mwanzo. Ngongoti alikuwa amezungumza na mama wa maiti kwa kinywa cha maiti, naye mama akamjibu.

Ujumbe wa mwisho wa mama ulikuwa wa juzi: Nimefika mjini. Nataka nikuone tu, hata kama husemi. Jibu lilikuwa maneno mawili: Usije, mama.

Siku ya pili, baada ya safari ya saa tatu, inspekta alimkuta Mama Fundi kwenye kibanda chake cha ushonaji. Joho jeusi lilikuwa chini ya sindano.

"Karibu, afande. Ngoja nimalize hapa. Yule alikuwa mrefu, alilishusha pindo. Narudisha kipimo cha mwanangu."

"Ulikwenda ofisini kwake saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Nilisoma jina la mwanangu mlangoni, nikamshukuru Mungu. Kufungua, akanigeukia mtu mwingine amevaa joho hili. Akaniita mama. Alikuwa na sauti nzuri."

"Ukasema nini?"

"Nilimuuliza mwanangu yuko wapi. Akavua joho, akapiga magoti. Akasema mwanangu alikufa kwa homa, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiniandikia. 'Nimekuwa mwanao miaka minne, mama. Niache niendelee.'"

"Ndipo ukampiga."

"Sikumpiga kwa hilo." Cherehani ikasimama. "Nilimuuliza amezikwa wapi. Hilo tu. Akasema hawezi kuniambia, nikilijua kaburi atafungwa. Nikamuuliza mara tatu. Mara ya tatu mkono wangu ulikuwa umeshika kile chuma."

"Na mto? Na nywele?"

Fundi alimtazama kwa mshangao, kana kwamba inspekta ameuliza kwa nini watu hupumua. "Kila usiku nilimwambia alale salama. Nilikuwa nimemzoea."

Kituoni, mama wa Ngongoti alikuwa ameletwa kuandika maelezo yake kuhusu hati ya kifo. Inspekta alipoingia na fundi aliyefungwa pingu, akiwa amemweleza njiani ni nani aliyemzika mwanawe, wanawake wale wawili walitazamana kabla hajasema neno.

"Wewe ndiye unayejua alipo?" aliuliza fundi, akiketi kwenye benchi.

"Najua."

"Nani alimuosha?"

"Mimi. Niliwatoa watu wote, nikamuosha peke yangu. Alikuwa na kovu chini ya goti."

"Pasi ilimchoma," alisema fundi. "Alikuwa na miaka mitatu."

"Nilimlilia kweli, dada. Sikuigiza."

Koplo alitaka kuwatenganisha. Inspekta akamzuia kwa mkono. Fundi akasogea pembeni ya benchi, akampa mwenzake nafasi ya kukaa.