Mapazia ya Ghorofa ya Juu

"Dada, samahani, niazime macho yako kidogo."

Mshonaji wa mapazia aligeuka. Duka la vitambaa lilikuwa limefurika wateja, mikasi ikilia kila upande. Mbele yake alisimama kijana mrefu, ovaroli imejaa madoa ya rangi, mkononi ameshika kibao kilichopakwa rangi ya maziwa.

"Macho yangu hayaazimwi. Unataka nini?"

"Mimi ni fundi rangi, wenzangu huniita Brashi. Mama mmoja ana nyumba ya kupangisha, anatafuta mtu wa kumshonea mapazia yatakayopatana na ukuta huu. Nimeona unavyoshika kitambaa. Unakishika kama mtoto mchanga."

Mshonaji alicheka bila kutaka. Siku hiyo alivaa gauni la zambarau lililomkaa vizuri, na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni kama mkufu. Brashi alisahau kabisa habari za ukuta.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya mji, pale lami inapokoma na majani kuanza. Ilikuwa fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya juu. Dirishani iliingia harufu ya nyasi mbichi na, kwa mbali, sauti ya ng'ombe. Mji ulionekana kama moshi mwembamba tu. Mshonaji, aliyekulia kwenye honi za magari na ambaye hadi leo alilala sebuleni kwa dada yake, alisimama katikati ya chumba kitupu akasahau kupima.

"Unasikia?" aliuliza.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo raha yenyewe."

Tangu hapo kazi ikapata visingizio. Yeye alirudi kupima madirisha aliyokwisha kuyapima, Brashi akazipaka upya kuta zilizokwisha kukauka. Walikula machungwa sakafuni, wakipanga samani ambazo hazikuwepo na kubishana juu ya rangi ya jikoni.

"Kitanda hapa," alisema Brashi.

"Jua litakuamsha mapema."

"Niamke nikutazame."

"Wewe! Paka rangi."

Jioni waliendelea kwa simu.

"Umelala, malkia?"

"Nitalalaje, na simu zako hazikomi?"

"Basi nisipige?"

"Nani kasema usipige?"

Asubuhi moja mama mwenye nyumba alimpigia mshonaji. "Mwanangu, harakisha mapazia. Nimepata mpangaji."

Mshonaji aliacha kukata. "Nani, mama?"

"Si huyu huyu Brashi! Anahamia na mkewe. Amemsifia huyo mke mpaka nimechoka kusikiliza."

Mkasi ulimponyoka. Brashi alipopiga, hakupokea. Alipiga tena na tena, simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani, naye akaitazama tu.

"Si upokee umtukane vizuri?" dada yake alimwambia.

"Sijapata tusi linalomtosha."

Lakini kazi ni kazi. Mapazia yalipokamilika aliyabeba mwenyewe, amevaa gauni jeusi na nywele amezikaza nyuma. Brashi alifungua mlango kwa furaha.

"Malkia! Nimekupigia mpaka..."

"Nipe ngazi."

Alipanda. Nje ukungu ulikuwa bado umelalia nyasi, mweupe kama maziwa. Alitundika pazia la kwanza pole pole, machozi yakimlengalenga.

"Pindo lifike sakafuni, au lipande kidogo?" aliuliza bila kugeuka. "Muulize mkeo, asije akanilaumu."

Hapo Brashi akaelewa.

"Mama mwenye nyumba amekwambia."

"Ameniambia."

"Aliniuliza nitakaa na nani. Ulimi ukanitangulia."

"Na yuko wapi huyo mke?"

"Yuko juu ya ngazi. Amekasirika sana."

Upepo uliingia, pazia likajaa na kuinuka hadi likamfunika uso. Hakuliondoa haraka.

"Yaani umenichumbia kwa mama mwenye nyumba kabla ya kuniuliza mimi?"

"Nimekosa. Nakuuliza sasa." Alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, hathubutu hata kujikuna. "Na ukikataa, mpenzi, kaa wewe hapa. Mimi nitarudi mjini. Utulivu huu umekupenda wewe."

Mshonaji alitazama chini, akauona utosi wa Brashi wenye tone la rangi. Alitazama nje, ukungu ukiachia majani taratibu.

"Mpigie mama mwenye nyumba," alisema hatimaye.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mke wa Brashi amefika, na kwamba haitaki ile rangi ya jikoni."