Ini la Mgeni

Bizimana wa Nyamiaga hakuwa na mkono wa birika. Mgeni akifika kwake na njaa, kuondoka nayo ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Watu walimpenda kwa hilo, na walikuwa na haki.

Asubuhi hiyo alikuwa machinjioni. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua bucha, na ng'ombe wake wa kwanza alikuwa ameshachinjwa. Kilichobaki ni kumsubiri mkaguzi wa nyama, Bwana Rwekaza, aje apige mhuri. Bila mhuri nyama haiuzwi, na mtaji wote wa familia ulikuwa kwenye ng'ombe huyo.

Sasa, kwa akina Bizimana, mnyama akichinjwa, ini ni la mgeni wa heshima. Basi akalichukua ini zima, akampelekea mkewe Febronia kwenye bucha, hapo jirani.

"Mama Ntwari, washa jiko. Hili ni la mkaguzi."

"La mkaguzi? Na mimi uliyeniahidi ini?"

"Utapata kipande. Yeye akishashiba hatatukawiza."

Febronia akacheka, akachukua kisu. Jirani yao Theodosia, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa amekuja mapema na kikapu chake kununua nyama. Aliyasikia yote.

"Febronia, weka kisu chini kwanza."

"Shikamoo, mama," alisema Bizimana. "Kwani kuna ubaya? Si ukarimu tu?"

"Marahaba, mwanangu. Mpe maji ya kunywa kama unavyompa kila mtu. Huo ni ukarimu. Ini la kumfanya aharakishe ni rushwa. Sheria inamshika anayetoa na anayepokea."

"Hata kama si pesa?"

"Hata kama ni nyama. Tena hilo ini anatakiwa alipasue, alione ndani. Ukilichoma, umemzuia kukagua. Hilo nalo ni kosa."

"Na akiliomba mwenyewe?"

"Usimpe. Wapigie TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba 113. Simu ni bure."

Bizimana alikuna kichwa. Aliona haya, maana alikusudia wema. Lakini alilirudisha ini machinjioni.

Rwekaza alifika, akavaa koti na buti. Alipewa maji, akanywa, akashukuru. Kisha akaanza kazi, polepole kweli kweli. Bizimana akawa anahama mguu huu na ule. Mkaguzi alipopasua ini, usaha ukatoka.

"Lina majipu ndani," alisema. "Hili tutalifukia."

Rwekaza akaendelea na mapafu, moyo na nyama yote. Mwishowe akatabasamu.

"Nyama ni salama. Lete mhuri wangu."

Watu waliambiwa ukweli kuhusu ini, wakanunua bila wasiwasi. Hadi mchana ndoano za bucha zilikuwa tupu.

Wakati wa kufunga, Bizimana alimtazama mkewe.

"Mama Ntwari, kile kipande nilichokuahidi..."

"Ningekila bila kujua," alisema Febronia, akimshika mkono. "Na ningekushukuru."