Fundi Aliyekataa Kukatwa

Georgette alikaa hospitalini siku arobaini na moja. Siku ya kumi alikuwa amepona. Zile nyingine thelathini na moja alizuiliwa pamoja na mtoto wake mchanga, kwa sababu mume wake hakuwa na pesa za kulipia upasuaji. Na msimhurumie huyo mume haraka, ndugu zangu. Sikilizeni kwanza.

Adalbert ni fundi wa kushona wa mtaa wa Cimpunda. Miaka sita alishona nguo za wafanyakazi katika kiwanda kimoja mjini. Kila mwisho wa mwezi karani alimkata kidogo kwenye mshahara, lakini mtu wa nyumbani alipougua, karata ya kiwanda, yaani cheti cha matibabu, ilifungua mlango wa hospitali. Adalbert aliyaona makato tu. Karata hakuiona. Mwanzoni mwa 1975 akaacha kazi, akanunua mashine yake, akaiweka barazani, soko la Kadutu.

Mafundi wa baraza ile walikuwa na kese ya wagonjwa, yaani mfuko wa pamoja wa kusaidiana. Kila Jumamosi kila mmoja alitoa makuta hamsini, nusu ya zaire moja, na fundi mwenzao Philémon aliandika kwenye daftari.

"Papa Adalbert, leta makuta makumi tano."

"Nalitoka kwa patron juu alikuwa ananikata. Na weye unataka unikate? Miye niko patron ya miye mwenyewe!"

"Haya, patron. Siku bibi yako atagonjwa, ni weye utamusainia karata?"

Baraza nzima ikacheka. Adalbert naye akacheka, na makuta yake akarudi nayo mfukoni. Mtu wa namna hii utamfanya nini?

Novemba ilipokaribia, kazi ikamwagika. Kila mtumishi wa serikali alitaka abacost mpya, ile suti isiyo na tai, kwa sikukuu ya serikali ya mwezi huo. Walileta kitambaa, wakaacha avance, yaani malipo ya mwanzo, na kila avance Adalbert aliihesabu kuwa faida, hata kabla hajanunua uzi. Akanunua redio. Akawanywesha bia wote waliomwita patron. Georgette, mwenye mimba ya miezi sita, alimwambia polepole, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "Papa Agnès, tuweke kidogo juu ya mutoto."

"Kazi iko mingi, maman. Pesa itakuya tu."

Januari ikafika, na Januari hakuna anayeshonesha nguo. Fundi gani hajui hilo? Adalbert alijua. Kujua kulimsaidia nini?

Mwisho wa mwezi ule uchungu ulimshika Georgette siku mbili, mtoto hatoki, ikabidi apasuliwe. Wote wawili wakapona, ashukuriwe Mungu. Gharama: zaire themanini. Adalbert alikuwa na tatu.

Akakimbilia kwa Philémon.

"Kese iko ya benye banatoa," Philémon alisema. "Nikikupa, maman Eulalie mwenye anatoa miaka mbili nitamwambia nini?" Kisha akatoa zaire tano zake mwenyewe, bila kumtazama usoni.

Hapo Adalbert akaongeza ubaya. Papa Ignace, karani wa ofisi ya ushuru, alikuwa amemwachia kitambaa cha abacost mbili. Adalbert akakiuza, akapeleka pesa hospitalini, nazo hazikutosha.

Langoni Georgette alimuuliza, "Benzangu banatoka na batoto yabo. Miye nafungiwa sawa mwizi. Nalikosa nini?"



Papa Ignace alipokuja kuchukua nguo, akamkuta mikono mitupu. Alimpeleka Adalbert kwa mkubwa wa mtaa, ikaamuliwa mashine iuzwe. Ignace akalipwa kwanza, pesa iliyobaki pamoja na ya redio aliyoiuza ikaenda hospitalini. Ndipo Georgette akatoka.

FUNZO

Wewe unayejifanyia kazi, huna karani wa kukukata. Basi jikate mwenyewe, tena kabla ya bia. Avance ni ya uzi na vifungo mpaka mwenye nguo aivae. Pesa ya Novemba ni chakula cha Januari. Na wenzako wakiwa na kese, ingia ukiwa mzima, maana ukiwa langoni mwa hospitali umechelewa.

Haya, tuhesabu. Adalbert alikataa kutoa makuta hamsini kwa Jumamosi hamsini, yaani zaire ishirini na tano. Badala yake alitoa mashine moja na redio moja. Alipoteza wateja wote. Leo anamshonea Philémon vifungo, na kila Jumamosi anakatwa. Mke wake alitoa siku thelathini na moja za uzima wake. Na mtoto alicheka mara ya kwanza siku ya thelathini na nane. Aliyemuona, mbali na mama yake, ni mlinzi wa lango.