Kipande Kilichomeguka

Walikutana kwa ugomvi. Duka la fotokopi lililo nje ya chuo lilikuwa limefurika, na Mrefu, shati lake jeupe limelowa jasho, akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu akachukua karatasi zisizo zake. Binti wa gauni jekundu, ambaye chuo kizima kilimwita Pilipili, akamshindilia kiwiko cha mbavu.

"Zangu hizo, wewe mlingoti."

"Samahani, dada. Hii ni nyota inayozunguka?"

"Ya majimaji, inashikiliwa na mvutano wake yenyewe. Nataka kuthibitisha kwa hesabu kwamba lipo umbo ambalo itatulia."

"Mimi naziigiza kwenye kompyuta. Zikizidi kasi, zinapasuka."

"Kumbe kazi yako kubomoa."

Akacheka huku ameshika mbavu. Mapenzi yakaanzia hapo, jamani, kwenye kiwiko.

Kila asubuhi Mrefu alipiga simu. "Umekula, roho yangu?"

"Nile nini, na nyota haijatulia?"

Pilipili akikasirika alivunja vikombe ukutani, na Mrefu alizoea kuviona. Siku sahani aliyorushiwa ilipompasua nyusi, kazini Mrefu alisema amejigonga mlangoni. Mapenzi gani hayo? Lakini alimpenda, basi.

Utetezi wa tasnifu ya Pilipili ulipokaribia, Mrefu akaisoma yote.

"Mpenzi, hapa kuna tundu. Unapanga maumbo, kila moja nishati yake ndogo kuliko la kabla, halafu unasema yanafikia umbo moja. Kipande kikimeguka kikaenda zake mbali, je? Nyota huna."

"Unanionea wivu."

"Nakwambia mimi kabla hawajakwambia wao."

Pilipili akanyanyua kiti, akamshukia nacho. Mfupa wa mkono ulivunjika, na wote wawili waliusikia.

Mrefu hakupokea simu tena. Pilipili alilia, akajilaani, akarudi kwenye hesabu kwa hasira ileile. Jumapili moja simu ikapokelewa.

"Usikate, roho yangu. Nimeliziba lile tundu. Kipande kilichomeguka nikikirudisha karibu, nishati inashuka. Kwa hiyo walioachana hawawezi kuwa ndio wenye nishati ya chini kabisa."

"Nisomee."

Akamsomea mstari kwa mstari, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Iko sawa. Umbo lipo. Watakupitisha."

"Basi njoo ukae mbele, nikuone."

"Umenieleza nyota yote, Pilipili. Mkono hujauliza."

"Unauma?"

"Unauma. Nakupenda, na kwako sirudi."

Pilipili alipita, tena kwa sifa. Walipompigia makofi, macho yake yalikuwa mlangoni, na yalibaki hapo hadi mfagizi alipomwomba apishe.