Mpimaji na Msaga Mizizi

Walikutana kwenye maonyesho ya biashara, watu wamejaa hadi unakanyagwa na asiyekujua. Mpimaji wa dawa, gauni lake la njano limembana pale panapostahili, alipiga teke kopo la Msaga Mizizi, unga ukamwagikia viatu.

"Bibie, hiyo ni mizizi ya wiki nzima!"

"Na hivi ni viatu vya kuazima!"

Wakacheka, wakapeana namba. Mwezi haujaisha, simu hazikatiki.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula, ila bila raha. Hukuwepo."

Mimi nimezeeka, lakini maneno hayo bado nayajua.

Siku moja kijana wa mizizi akampelekea baba wa binti chupa ya vidonge, imeandikwa "mizizi mitupu." Sasa, Mpimaji ana ugonjwa mmoja: chochote wanachopewa kwao, lazima akipime maabara. Hata manukato ya shangazi yake aliyapima. Akachukua vidonge viwili.

Mashine haikuonyesha ile dawa iliyosajiliwa kwa wanaume waliochoka, msijifanye hamuijui. Ilionyesha ndugu yake. Umbo lile lile, ila mzito zaidi, na kwenye mchoro wa mashine mlima mrefu umefuatwa na mfupi, theluthi yake, hatua mbili mbele. Hiyo ni alama ya klorini. Mtu ameivisha dawa koti la klorini ili anayeitafuta aipite asiitambue. Na baba ana vidonge vya moyo. Vikikutana na hiyo, presha inaanguka na mtu anazimika.

Akapiga simu. "Baba, umemeza?"

"Bado, mwanangu. Mama yako kaificha chupa. Anasema nguvu nilizonazo zinamtosha."

Siku tatu hakupokea simu za mpenzi wake. Ya nne akapokea.

"Una mtu mwingine?"

"Wewe ndiye una mtu mwingine, ndani ya vidonge vyako!" Akamweleza yote.

"Mimi nasaga tu! Anayejaza vidonge ni shemeji, mume wa dada."

"Kila mwongo ana shemeji."

Kesho yake binti akatokea kwenye kinu cha kijana bila hodi, miwani nyeusi usoni. Akakinga unga unapotoka kinuni, akachota vidonge mezani kwa shemeji. Shemeji akaanza kukohoa, na hakuwa na mafua.

Majibu: unga safi. Vidonge, milima miwili.

"Haya," akamwambia kijana kwenye simu, "ni mume wa dada yako. Utafanya nini?"

Simu ikakatika. Binti akajua: anakwenda kuvificha.

Jumatatu asubuhi, kwenye dirisha la maabara la kupokelea sampuli, akamwona. Shati limepigwa pasi, mkokoteni umejaa makasha yote ya vidonge.

"Dada hasemi nami tangu jana," akasema. "Kwenye fomu andika jina langu. Vimetoka kwangu."

Kisha akatoa pete mfukoni. "Na hii. Klorini haina, lakini shaba imo, tena nyingi."

Binti hakutabasamu. Akaitia kwenye mfuko wa sampuli, akaiandikia namba. "Kakae kwenye benchi."

Akakaa saa mbili, jasho linamtoka. Binti akarudi, uso mkavu.

"Majibu?"

"Shaba ni nyingi, kama ulivyosema."

"Kwa hiyo?"

Akavua glavu, akamrudishia pete, akanyoosha kidole.