Arobaini ya Zuhura

"Iache hiyo cherehani, Zuhura! Siku kumi na moja tu tangu ujifungue!"

"Dada Kazija, kwako kuna mlango. Ufunge, hutanisikia."

"Niufunge wakati naona damu imepenya mpaka kwenye kanga?"

Zuhura akaigeuza kanga upande wa pili.

"Mzazi hutoka damu. Nina sare mia mbili, shule inafungua Jumatatu."

"Arobaini unalala, unakandwa, unaletewa uji! Ona uso ulivyovimba. Kivinje nzima inakusema."

"Kivinje nzima ije inishonee vifungo!"

Kazija, jirani yake, akaondoka, akaubamiza mlango wa uani.

Kichwa kilikuwa kikimgonga Zuhura tangu juzi. Sasa hata sindano aliiona mbili. Akakanyaga cherehani hivyo hivyo.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni Abdulrazak, mumewe, fundi magari pale Nangurukuru:

"Nimeongea na mwalimu. Sare anapewa fundi mwingine. Nakuja tuongee."

Zuhura akaacha kukanyaga. Mume wa kwanza naye alianza na "tuongee." Zuhura aliugua miezi miwili tu, duka lake likafungwa, talaka ikaja kwenye bahasha. Akapiga simu.

"Abdu, unaniacha?"

"Nani kasema kuacha?"

"Bila kazi nina faida gani kwako?"



"Mwaka jana nilivunjika mguu, nikalala miezi mitano. Uliniogesha kama mtoto. Nilikuwa na faida gani?"

"Wewe ulikuwa mume wangu!"

"Na wewe ni nani wangu, Zuhura?"

Simu ikamponyoka Zuhura.

"Zuhura? Zuhura!"

Kazija alisikia kishindo. Halafu kichanga kikilia, kikilia, hakuna wa kukibembeleza. Akaruka ua na unga mikononi.

Hospitalini nesi alipima presha mara mbili, akamtazama Kazija.

"Huyu kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Mngekawia kidogo..."

Abdulrazak, mafuta ya gari yangali kwenye vidole, akakaa chini sakafuni.

Siku ya tano wakamrudisha, adhuhuri, na vidonge, na onyo kwamba presha haijatulia. Sebuleni kulijaa wanawake wa mtaa, mkeka umetandikwa, wali wa nazi na changu vinafuka moshi. Zuhura akasimama kizingitini, mkono ukashika ufagio wenyewe.

"Weka chini," Kazija akasema.

"Bado una hasira na mimi, dada?"

"Tele. Weka chini."

Akauweka. Mikono ikabaki inaning'inia, hajui aipeleke wapi.

"Siku tano sijafanya kitu," akasema. "Hata nepi sijafua."

Abdulrazak, mtoto begani, akajisogeza pembeni, akapigapiga mkeka.

"Tunajua, mke wangu. Ingia ule."